Vilema vyote vifike

Nilipokuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Isevya, Tabora, niliandika tangazo kwa kalamu nene nikalibandika kwenye mwembe: "Vilema vyote vifike Jumatatu saa tatu kujiandikisha." Mchana fundi viatu wetu, anayetembelea magongo, akaniita kibandani kwake.

"Mdogo wangu, viti ndivyo huwa vyote. Na mimi nimo humo?"

"Shikamoo kaka," nikasema, nikaishia hapo. Nilijua kanuni tangu shule ya msingi: kiumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-, hata jina lake likianza na ki-. Kijana amefika. Kiongozi amefika. Hata kiboko wa mto Ugalla, tunasema amezama, hatusemi kimezama. Mnyama nilimpa heshima ya sarufi, jirani yangu nikamnyima.

Msiilaumu ki- peke yake. Viziwi wenyewe wameunda Chama cha Viziwi Tanzania, na shule ya viziwi ya hapa Tabora, iliyoanzishwa 1963, hulitumia neno hilo bila aibu. "Kilema" ni habari nyingine, kwa sababu ni jina la kasoro yenyewe. Ukimwita mtu hivyo, umeitaja kasoro na mwenyewe umemwacha nje. Sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu: watu kwanza.

Kwa hiyo ukiandika tangazo, risala au hata ujumbe wa kundi la simu, waulize wahusika wanajiitaje. Kisha rudia viambishi kimoja kimoja. Yule, si kile. Wote, si vyote. Kuna wanaosema makusudi "kijitu kile kimekuja", wakijua wanachofanya. Usiwafuate kwa bahati mbaya. "Zeruzeru" liache kabisa, andika mtu mwenye ualbino. Katika mikoa yetu hii ndugu hawa wamewindwa na kukatwa viungo na watu walioaminishwa kwamba si binadamu kamili, nami sitaki neno langu lisimame upande huo.

Tangazo nililiandika upya jioni ileile. Siku hizi kila ninachoandika humpelekea kaka fundi kwanza. Juzi nilimwombea kazi kwa barua: "Licha ya ulemavu wake, ni fundi hodari." Akachukua kalamu, akakata maneno manne ya mwanzo, akanirudishia.