Usikate leseni ya kujifunzia kabla hujapata gari la kujifunzia

Mitihani ya kidato cha sita ikiisha, vijana wa hapa Kigoma hunifuata na swali lilelile: "Dada, leseni ya kujifunzia inakatwaje?" Nami huwauliza kwanza: gari la kujifunzia unalo? Mwalimu je? Leseni hii ina miezi mitatu tu, na miezi hiyo huanza kuhesabiwa siku inapotoka, hata kama usukani utaushika mwezi wa pili.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa na miaka 17, mjomba akaniachia pikapu yake tutoke nayo stesheni kwenda Mwanga, hapahapa mjini, yeye kakaa pembeni. Sina leseni, gari halina kibao cha L. Anayeijua Kigoma anajua Barabara ya Lumumba inavyopanda kutoka stesheni ya reli. Katikati ya mlima daladala iliyokuwa mbele ikasimama kushusha abiria, nami nikasimama. Wakati wa kuondoka nikaachia breki na klachi kwa pupa; gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja akikokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Aliruka pembeni. Mjomba alipovuta hendibreki, baiskeli ilikuwa tayari chini ya bampa, rimu imepinda, mkaa umemwagika hadi mtaroni.

Baba yule hakuumia, wala hakututukana. Aliinama akaanza kuokota mkaa kipande kimoja kimoja, mikono inamtetemeka. Mikono ile siisahau. Mjomba alilipa kila kitu kutoka mfukoni, maana utaidai vipi bima wakati aliyekuwa kwenye usukani hana leseni?

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya kwa utaratibu. Kwa gari, umri ni miaka 18. Ukifika tu umri huo shughulikia kitambulisho cha taifa cha NIDA, na cheti chako cha kuzaliwa kiwe tayari, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ukishapata namba ya NIDA, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa TRA, Mamlaka ya Mapato. TIN ni bure, asikudanganye mtu ukamlipa. Baada ya hapo ndipo unaomba leseni ya kujifunzia, daraja H (daraja la wanaojifunza), ada yake shilingi 10,000. Ukiwa barabarani gari liwe na L nyekundu kwenye kibao cheupe, mbele na nyuma, na pembeni yako akae mwalimu au dereva mwenye leseni.

Lakini usilipe ile 10,000 kabla hujapanga siku zako. Rafiki yangu alikata ya kwake mara tu baada ya mtihani wa mwisho, akafurahi, akaiweka kwenye begi. Wiki chache baadaye majina ya wanaoitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yakatoka, akaenda kambini. Aliporudi leseni ilikuwa imekwisha muda, na hakuwa amewasha gari hata mara moja. Kama unasubiri kuitwa JKT, au unahamia kwa shangazi Tabora mwezi ujao, subiri. Nenda kwanza VETA, chuo cha ufundi cha serikali, au shule ya udereva iliyosajiliwa, uulize darasa linaanza lini. Cheti cha shule utakihitaji baadaye kwa leseni kamili. Ukipewa tarehe, kata leseni wiki hiyohiyo.

Miezi mitatu hiyo itumie kwenye kile unachokiogopa. Mimi nilikuwa naogopa mlima. Mwalimu wangu alinirudisha Lumumba palepale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaweka boksi tupu la maji hatua mbili nyuma ya tairi. "Usilikanyage," akaniambia. Unavuta hendibreki, unatia gia ya kwanza, kisha unaachia klachi polepole mpaka mlio wa injini ubadilike uwe mzito na boneti inyanyuke kidogo. Hapo ndipo kwenye balansi. Mguu utulie hapohapo, usiendelee kuachia. Ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe hendibreki. Siku tatu za kwanza nililisaga boksi. Siku ya nne nilisikia ule mlio hata kabla mwalimu hajaniambia, gari likapanda bila kurudi hata inchi moja.

Alama za barabarani ni za kukaa chini na kusoma, hazina njia ya mkato. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara ni amri. Kwenye kipilefti mpishe anayetoka kulia kwako. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukifaulu mtihani wa trafiki, leseni kamili ni shilingi 70,000 kwa miaka mitano, hivyo anza kuiweka akiba mapema.

Na wazazi, kama gari ni la nyumbani na leseni unayo, kaa naye mwenyewe. Mpangie saa ya alfajiri, kabla daladala za Ujiji hazijajaa barabarani, na asibebe rafiki hata mmoja kwenye siti ya nyuma mpaka apate leseni kamili.