Ukishikwa umelewa ukiendesha nje ya jimbo lako: siku kumi nilizozipoteza Iowa

Nilitoka Des Moines, jimbo la Iowa, karibu saa tano usiku, baada ya harambee ya kusafirisha mwili wa jirani yetu kwenda Kisii. Nilikuwa nimekunywa. Nalisema mapema kwa sababu ushauri huu hauna maana nikijifanya nilionewa. Nilikunywa bia, nikaongeza pombe kali, kisha nikajiambia kwamba kufika nyumbani Minneapolis, jimbo la Minnesota, ni mwendo wa saa tatu na nusu tu kwa barabara kuu ya I-35, na kesho yake nina zamu. Sikufika mbali. Taa nyekundu na buluu zilijaa kioo.

Polisi alipitisha kalamu mbele ya macho yangu, huku na huku. Akanitembeza kwenye mstari mweupe wa kando ya barabara, kisigino mbele ya kidole, malori yakipita na upepo wake ukinisukuma. Kituoni nikapuliza kipimo cha pombe: 0.16. Kiwango cha sheria Marekani ni 0.08, isipokuwa Utah ambako ni 0.05 tangu mwisho wa 2018. Nilikuwa mara mbili ya kiwango. Hakuna aliyeumia, na nikikumbuka usiku ule, ninaanzia hapo.

Asubuhi waliponiachilia walinipa bahasha yenye pochi, saa, karatasi kadhaa, na leseni yangu ya Minnesota. Nilipoiona leseni nilishusha pumzi. Nikadhani jambo la Iowa litabaki Iowa. Nikaenda kulikomboa gari kwa waliolivuta, nikazikunja zile karatasi, nikazitia kwenye droo ya dashibodi.

Hilo ndilo kosa ninalotaka usilifanye. Leseni ya mwenyeji wa Iowa polisi huichukua. Ya mgeni humrudishia, kwa kuwa haikutolewa na jimbo lao. Wanachomnyima mgeni ni ruhusa ya kuendesha kwenye barabara zao. Karatasi moja kati ya zile ilieleza hayo yote, kwa herufi ndogo: nina siku 10 za kuomba nisikilizwe na idara ya usafiri, la sivyo ruhusa yangu inafungwa siku 180. Nilipiga simu siku ya kumi na mbili. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba muda umepita.

Watu wetu wengi hudhani kesi ni ile ya mahakamani tu. Usiku ule zinazaliwa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai, iko mbele ya hakimu, na huchukua miezi. Ya pili ni ya leseni, iko mikononi mwa idara ya serikali, haina hakimu wa kukusubiri, na saa yake inaanza kuhesabu mara tu unapokabidhiwa ile karatasi. California ni siku 10, Texas 15, Georgia 30. Usitegemee tarehe niliyokutajia mimi wala aliyokutajia rafiki. Soma karatasi yako, mbele na nyuma.

Na usidanganyike kwamba majimbo hayasemezani. Mengi yamefungana kwa mkataba wa leseni za madereva: ukitiwa hatiani kwao, taarifa inapelekwa kwenu, na jimbo lenu linakuadhibu kana kwamba ulikosea hapo nyumbani. Georgia, Massachusetts, Michigan, Tennessee na Wisconsin hazimo katika mkataba huo, lakini hilo lisikupe moyo. Kuna pia daftari la taifa la madereva wenye matatizo, na ofisi za leseni za majimbo yote hulitazama kabla ya kukupa au kukuongezea leseni. Nimemwona kijana aliyehamia jimbo jingine akitumaini kuanza upya. Alikaa kwenye foleni, akapigwa picha, kisha karani akamwambia arudi akamalizane kwanza na kule alikotoka.

Mimi barua ya Minnesota ilinifikia baada ya hukumu. Leseni ikafungwa na huku pia, na kuifungua kulihitaji ada na mtihani wa maandishi, mbali na yote niliyokuwa nimelipa Iowa. Kwa hiyo ukiambiwa "umeshamaliza," uliza: umemaliza na nani? Ipigie idara ya jimbo lililokushika, kisha ya jimbo lako, na uandike jina la uliyezungumza naye pamoja na tarehe. Kumbuka na ramani. Ruhusa yangu ya Iowa ilipofungwa, nilitaka kwenda kumwona dada yangu Kansas City. I-35 inapita katikati ya Iowa. Kuendesha hapo ukiwa umefungiwa ni kosa jipya la jinai, kwa hiyo nilikaa nyumbani.

Sasa wakili. Wiki haikuisha kabla sanduku langu la barua kujaa bahasha za mawakili, kwa sababu orodha za mashtaka ziko wazi kwa umma. Nilianza kwa kumpigia mzee mmoja wa kanisani kwetu aliye wakili hapa Minneapolis. Namshukuru mpaka leo, kwa maana hakuchukua hata senti. Aliniambia, "Mdogo wangu, mimi sina ruhusa ya kusimama mahakama za Iowa. Tafuta mtu wa kaunti ileile." Nikampata mama mmoja ambaye ofisi yake inatazamana na mahakama. Alimjua mwendesha mashtaka na alijua desturi za hakimu. Zaidi ya yote, alipeleka majibu yangu kwa maandishi, hata sikulazimika kusafiri kila kesi ilipotajwa. Uliza swali hilo kabla hujalipa: ni siku zipi lazima niwepo mwenyewe, na zipi utaniwakilisha? Siku utakayotakiwa kuwepo, nenda. Usipotokea, kibali cha kukukamata kinatolewa, na kibali hicho hakichakai.

Kama Kiingereza chako si cha kutosha kwa mambo ya sheria, omba mkalimani wa Kiswahili. Nawaambia hasa ndugu zetu Wakongomani wa Des Moines na Cedar Rapids: usimpe kazi hiyo binamu au mtoto wako. Ukiitikia "yes" kwa kitu usichokielewa, umekubali.

Ipo kesi ya tatu, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Wengi wetu si raia. Nilikuwa na grini kadi, na nilitarajia kuomba uraia mwaka uliofuata. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010, Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa jinai ana wajibu wa kumshauri mteja asiye raia kuhusu athari za uhamiaji kabla hajakiri. Lakini hawezi kukushauri juu ya jambo asilolijua. Mwambie siku ya kwanza hali ya makaratasi yako, hata kama unaona aibu, kisha wewe mwenyewe mlipie wakili wa uhamiaji saa moja. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ajue kwamba kukamatwa tu kwaweza kufanya viza ifutwe, hata kabla ya hukumu. Mwenye DACA, ile kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto, ajue kwamba kosa hili moja laweza kumwondoa.

Kuna mtego hapa uliomnasa mtu ninayemfahamu. Iowa ina utaratibu wa kuahirisha hukumu: unakiri, jaji anaiweka hukumu kando, unakaa chini ya uangalizi, ukimaliza vizuri unahesabiwa hukutiwa hatiani. Mimi sikustahili, kwa sababu Iowa huufunga mlango huo ukizidi 0.15. Yeye alistahili, akaufuata, akamaliza. Miaka ikapita. Kwenye fomu ya uraia alipoulizwa kama amewahi kukamatwa, akajibu hapana, kwa kuwa aliambiwa kesi imefutwa. Sheria ya uhamiaji ina hesabu yake: ukishakiri na ukapewa adhabu au uangalizi wa aina yoyote, kwao umetiwa hatiani. Na swali lenyewe halikuwa la hatia, lilikuwa la kukamatwa. Kilichomponza zaidi ni lile neno hapana.

Mimi nilikiri. Faini ilikuwa dola 1,250 na nyongeza zake, dola 200 za idara ya usafiri, saa 12 za mafunzo, na tathmini ya ulevi. Saa 48 ambazo sheria inazitaka kwa kosa la kwanza nilizimaliza wikiendi moja katika programu maalumu badala ya seli, nikashuka kwa basi la Jefferson Lines na begi la nguo. Bima ilipanda, na kampuni ikalazimika kuwasilisha fomu ya SR-22, inayoithibitishia serikali kwamba nina bima. Tathmini niliiogopa kuliko vyote, na ndiyo iliyonisaidia. Yule mshauri aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilihudhuria matanga au sherehe bila kunywa. Sikuweza kukumbuka.

Madereva wa malori, kwenu ni kali zaidi. Mkiwa kwenye lori kiwango ni 0.04, na kosa la kwanza, hata ukiwa ndani ya gari lako dogo siku ya mapumziko, linakunyang'anya leseni ya lori mwaka mzima. La pili ni la maisha. Kwa wenye ndugu Toronto au Winnipeg: Kanada inaweza kukuzuia mpakani kwa kosa hili hata kama ni moja. Niulizeni mimi, nilikosa harusi.

Kuhusu usiku wenyewe. Toa leseni na bima, ongea kwa heshima. Hulazimiki kueleza umekunywa chupa ngapi, usidanganye tu. Kukataa kupuliza kuna bei yake: Iowa ni mwaka mmoja badala ya siku 180. Sheria ya Iowa inakupa nafasi ya kumpigia simu wakili au mtu wa familia, na unaweza kuiomba kabla ya kupuliza. Mimi nilimpigia mke wangu baada ya kupuliza. Aliuliza maswali mawili. "Baba, umeumia?" Nikasema hapana. "Umeumiza mtu?" Nikasema hapana. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikawa nasikia friji ya jikoni kwetu ikinguruma.

Uraia niliupata, kwa kuchelewa. Kosa moja halikuzuii moja kwa moja, ila wanatazama tabia yako ya miaka mitano, na hawakuidhinishi ukiwa bado chini ya uangalizi. Nilisubiri miaka hiyo ipite. Nilipeleka nakala za mahakama zenye muhuri, risiti zote, na cheti cha mafunzo. Afisa aliuliza juu ya usiku ule, nikamweleza kama nilivyoueleza hapa.

Kama hiyo karatasi unayo sasa, itoe kwenye gari. Tafuta tarehe uliyokabidhiwa, hesabu siku kwa vidole, na upige simu leo kabla ofisi hazijafungwa.