Maswali Yenu: Tembo Kavunja Tenki, Tufanyeje?

SWALI: Dada mhariri habari. Naandika kutoka Voi, upande wa mashambani. Majuzi usiku ndovu waliingia kwa mzee wangu wakavunja tenki la maji na bomba wakaling'oa lote, mahindi hata hawakuyagusa. Tukaripoti, watu wa ofisi wakaja wakapiga picha wakaenda, mpaka leo kimya. Sasa kuna kijana hapa ananiambia eti iko nchi ndovu wanaishi jangwani pamoja na watu na mbuzi zao na hawasumbuani. Ni kweli ama ni stori tu? Na kama ni kweli sisi tunakosea wapi?

JIBU: Pole sana kaka yangu, na mzee mpe pole zangu, manake tenki kwa mtu wa sehemu kavu ni kama kuvunjiwa nyumba.

Kijana wako hajadanganya ila hapo kwenye "hawasumbuani" kaongeza chumvi. Nchi yenyewe ni Namibia, kaskazini magharibi, mkoa wa Kunene. Kule mito kama Huab, Hoanib na Ugab ni mchanga mtupu, kama zile laga za kaskazini mwa Kenya, maji yanapita juu siku chache tu kwa mwaka halafu basi, na tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke. Watu wanaoishi huko ni Wadamara, Waherero, Wahimba, wengi wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, na maji yao ni ya visima virefu vya pampu. Sasa tembo mkubwa anaweza kunywa hadi lita 200 kwa siku, na maji anayanusa toka mbali, kwa hiyo akifika akakuta tenki anavunja, akikuta bomba anang'oa, yani hicho hicho kilichompata mzee wako.

Na kuna jambo moja ambalo watu wa mjini hawalioni kabisa. Pampu nyingi zilikuwa za dizeli, na dizeli ananunua mwanakijiji kwa pesa yake ya mbuzi, halafu usiku kundi linakuja linamaliza maji yote, asubuhi mama anakuta tenki tupu na mifugo inalia. Hapo hata wewe utamchukia tembo. Halafu upande wa Ugab ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu tembo walikuwa wametoweka miaka mingi, ujangili na ukame wa miaka ya 70 na 80 uliwamaliza, waliporudi miaka ya 90 wakakuta familia ambazo hazijawahi kuishi na tembo hata siku moja.

Walichofanya ndo nataka ukisikie vizuri. Shirika la EHRA, linalosaidia watu na tembo waishi pamoja, likaanza kujenga na wanakijiji kuta nene za mawe kuzunguka tenki na pampu, mifugo inakunywa kama kawaida ila tembo hafikii mitambo, na penginepo wanamwekea bwawa lake pembeni anywe aende zake. Na dizeli wakaanza kuibadilisha kwa sola. Ukuta wa mawe tu kaka, fundi wa kijiji anauweza!

Ila mawe peke yake hayatoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mhifadhi wa wanyama Garth Owen-Smith alikaa na machifu wa Kunene, wakachagua walinzi wa wanyama kutoka kwa wenyeji wenyewe, watu wanaojua kusoma nyayo. Baadaye sheria ya 1996 ikawapa vijiji haki ya kuunda hifadhi zao na kula pesa ya utalii, za kwanza nne zilisajiliwa 1998, Torra ikiwemo, leo ni 86. Mtu akiona tembo analipa karo za watoto moyo unalainika. Sisemi kule ni peponi, ukame umewarudia tena na tena, na Agosti 2024 serikali ilitangaza kuchinja wanyama 723 kwa ajili ya nyama, tembo 83 wakiwemo. Iliniuma sana kusoma ile habari, lakini njaa ilikuwa ya kweli.

Kwa mzee wako: hapo jirani Sagalla kuna uzio wa mizinga ya nyuki, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, anakimbia. Kwa shamba ni nzuri sana, ila wakati wa kiangazi nyuki huhama, kwa hiyo kwa tenki msitegemee nyuki, jengeni ukuta. Kaeni majirani watano sita wenye matenki, changeni simenti, mawe mnayo. Na kwenye ofisi msirudi mmoja mmoja, nendeni na barua moja yenye majina yenu wote, mkiomba na sehemu ya maji ya ndovu mbali na nyumba.

SWALI: Hao tembo wa jangwani ni aina tofauti na wetu wa Ruaha? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Hapana, ni tembo wale wale wa savana. Wamezoea tu: wanatembea mbali sana, wanaweza kukaa siku kadhaa bila maji, na mama zao wanawafundisha watoto kisima kiko wapi. Ndo maana akiuawa bibi wa kundi, njia za maji zinapotea naye.