Mto Darling: nani apate maji kwanza?
Umeuliza kama kuurudishia mto maji ni kumpokonya mkulima. Katika bonde la Murray-Darling, Australia, sivyo: mpango wa mwaka 2012 uliweka kikomo cha maji yanayochotwa, na serikali hununua haki za maji kwa wakulima wanaouza kwa hiari. Waliosahauliwa hasa ni Wabarkindji, wenyeji wa asili wa Mto Darling, ambao mahakama ilitambua haki yao ya asili juu ya ardhi yao mwaka 2015 bila wao kupata mgao wa maji wa kuusimamia, ilhali huko Menindee, mji ulio kando ya mto huo, mwaka 2023, mamilioni ya samaki walielea wakiwa wamekufa, mto umefunikwa weupe mtupu. Kwa maoni yangu, mtiririko wa kwanza baada ya ukame uachwe ufike sehemu za chini za mto kabla pampu za mashamba ya pamba hazijawashwa.