Ugoro wa Amazon na Kusafisha Roho

SWALI: Ndugu Mhariri, rafiki yangu Mbrazili hapa Lisbon amenialika kwenye kikao cha usiku ambamo watu hupulizwa puani unga uitwao rapé, unaosemwa kwamba huondoa mikosi na kumkinga mtu na mabaya. Marehemu babu yangu alikuwa mnusaji wa ugoro, kwa hiyo sikushtuka, lakini nina presha na ninaogopa. Je, ni kitu kimoja? Niende?
Msomaji wa kike, Lisbon

JIBU: Dada yetu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kukubali. Rapé ni mali ya jamii za asili za magharibi ya Amazon, hasa katika jimbo la Acre nchini Brazili, wakiwamo Huni Kuin, na Yawanawá wanaoishi kando ya mto Gregório. Tumbaku iliyokaushwa hutwangwa, ikachanganywa na majivu ya gome la mti, mara nyingi ule uitwao tsunu, kisha ikachekechwa hadi iwe laini kama vumbi. Anayempulizia mwenzake hutumia mrija mrefu, tepi, na anayejipulizia mwenyewe hutumia ule mfupi uliopinda, kuripe. Kwa wenyewe, pumzi ya mpulizaji hubeba nia na dua yake, ndiyo maana huangaliwa sana ni nani anayepuliza. Na machozi, kamasi na hata matapishi yanayofuata huhesabiwa kuwa ni uchafu unaomtoka mtu.

Undugu wake na ugoro wa babu yako ni wa kweli. Ugoro wetu hutiwa magadi, wao hutia majivu, na vyote viwili huifanya nikotini ipenye upesi kwenye utando wa pua. Tofauti ni kwamba babu alichukua kidogo kwa ncha za vidole na kuacha alipotosheka, ilhali anayepulizwa hupokea kipimo kizima kwa mkupuo, kwa nguvu ya mapafu ya mtu mwingine. Kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu na moyo kwenda mbio hutokana na nikotini hiyo, ambayo pia hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Kwa hali yako, ninakusihi usipulizwe. Mjamzito naye asiuguse, na asiwepo wa kukuambia kwamba kitu cha asili hakidhuru, kwa maana tumbaku isiyovutwa kwa moshi imethibitishwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa husababisha saratani.

Jihadhari pia na kuchanganyiwa. Yopo, na yãkoana ya waganga wa Kiyanomami, jamii nyingine ya asili ya Amazon, ni unga wa puani vilevile, lakini hutokana na miti mingine na humfanya mtu aone maono. Pakiti isiyo na maelezo haikuambii iliyomo.

Kuhusu roho, siwezi kudharau imani ambayo watu wameilinda kwa vizazi pamoja na nyimbo, wazee na miiko yake. Ninachokitilia shaka ni kuuziwa unga peke yake, mbali na hayo yote. Ukitaka kwenda, nenda ukasikilize nyimbo, mweleze kiongozi mapema kwamba una presha na kwamba hutapulizwa, na akikushurutisha, ondoka.