Maswali na majibu: Udukuzi utaanza lini?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi, wengi wao wakiwa nyumbani likizo mkoani Kigoma, na mzazi mmoja. Nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma usalama wa mtandao Dodoma. Muhula mzima ni binari, mitandao na amri za Linux (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows). Udukuzi wenyewe tutafundishwa lini? (Kasulu)

Marahaba. Umeshaanza, hujajua tu. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilifunga mafaili kwenye kompyuta za nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo, ikadai malipo. Haikusubiri mtu abofye kiungo. Ilijisambaza yenyewe kupitia huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, inayosikiliza kwenye mlango (port, yaani namba ambayo huduma hupokelea mawasiliano ya mtandao) namba 445. Kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, Microsoft walikuwa wameshatoa tangu Machi mwaka huohuo. Huduma, mlango, mfumo endeshi, kiraka: hayo ndiyo masomo unayoyaona yanakuchelewesha. Aliyeyaelewa alijua mlango wa kufunga na kompyuta za kuanza nazo. Mwenye zana za kudukua tu hakuwa na pa kuanzia.

Halafu ile nguzo tatu mnayokariri kwa ajili ya mtihani: usiri, uadilifu na upatikanaji. Itoe kwenye daftari, nenda nayo kwa wakala wa pesa pale Mwanga, Kigoma mjini. Mtu akichungulia namba ya siri ya mteja, usiri umevunjika. Salio likibadilika bila muamala, uadilifu umevunjika. Mtandao ukikata kutwa nzima, mteja akarudi nyumbani na hela yake mkononi, upatikanaji umevunjika hata kama hakuna aliyeibiwa. Wanafunzi wengi huidharau hii ya tatu, wakati huku kwetu ndiyo inayotutesa zaidi.

Laptop yangu ina RAM ya GB 4, nikiwasha mashine pepe mbili (kompyuta za kuigiza ndani ya laptop) inaganda. Na bando hapa Kibondo halikai. Nifanyeje mazoezi?

Achana na mashine pepe kwa sasa. Kuna mchezo wa bure unaitwa Bandit, wa tovuti ya mazoezi ya OverTheWire. Unaingia kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri) kwenye bandit.labs.overthewire.org, mlango 2220, jina bandit0, na neno la siri ni hilohilo bandit0. Kila ngazi unatafuta neno la siri la ngazi inayofuata, na unajifunza amri za Linux humohumo. Kila kitu ni maandishi, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Ukikwama, soma maelezo ya amri kwa kuandika man kisha jina la amri hiyo. Usikimbilie video za majibu; zitakula bando, na utatoka bila kujifunza kitu.

Zoezi la pili halihitaji intaneti muda wote. Weka Wireshark, programu ya kunasa na kuchambua mawasiliano ya mtandao, nayo ni ya bure. Kamata mawasiliano ya kompyuta yako mwenyewe kwa dakika mbili, hifadhi faili, zima data, kisha kaa uchambue. Chuja DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Mara nyingi utaona majina ya tovuti ulizotembelea yamekaa wazi, ilhali yaliyopita mlango 443, unaotumiwa na tovuti za https, hayasomeki. Jiulize kwa nini. Ukiweza kumweleza mdogo wako akaelewa, mtihani wa mitandao usikutishe.

Kwenye mfumo wa matokeo wa chuo chetu, ukibadilisha namba ya usajili kwenye anwani unaona matokeo ya mwenzako. Nipakue ya darasa zima niwapelekee kama ushahidi? (Tabora)

Hapana, ishia hapo hapo. Udhaifu wa namna hiyo ni wa kawaida mno: orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika linaloshughulikia usalama wa programu, iliweka kasoro za udhibiti wa ufikiaji nafasi ya kwanza. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi na isivyo halali kwenye mfumo wa kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Waandikie watu wa TEHAMA, eleza hatua ulizopitia, tunza nakala ya barua. Usipeleke kwenye grupu la darasa, tafadhali.

Mwanangu anasomea hayo mambo. Kazi ataipata huku Kigoma kweli? (Mama, Ujiji)

Mama yangu, sikufichi: kazi zenye jina hilo nyingi ziko Dar es Salaam. Ila hospitali, halmashauri, benki na SACCOS za hapa zote zina kompyuta na kumbukumbu za watu, na zinahitaji mtu wa mitandao anayejua pia kuzilinda. Aombe mafunzo kwa vitendo huko mapema. Na akija likizo, msimgeuze fundi simu wa ukoo mzima.

Nilichapisha ripoti steshenari, nikafungua WhatsApp na barua pepe kwenye kompyuta yao. Nimesahau kutoka, na flashi sasa inaonesha njia za mkato tupu.

Kwenye simu, ingia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe hiyo kompyuta. Badilisha neno la siri la barua pepe, toka kwenye vifaa vyote, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kuhusu flashi, usibofye njia ya mkato hata moja. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Ifungue kwenye kompyuta yenye Linux, nakili ripoti yako, ndipo uifomati.