Shangazi, nimelikata jina la kaka kwenye wosia kwa kalamu, inatosha?

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 61. Wosia niliandikiwa na wakili miaka tisa iliyopita, msimamizi nikamweka kaka yangu. Sasa kaka amekuwa mtu wa madeni, simwamini tena. Nimelikata jina lake kwa kalamu, juu yake nikaandika la binti yangu, pembeni nikasaini. Pia nataka cherehani yangu apewe mtoto wa dada yangu. Wosia mpya sitaki, na kaka sitaki ajue. Nimekosea? Mama Cherehani*

Marahaba mama, ingawa kwa umri huo labda mimi ndo nilipaswa kukuamkia.

Kalamu iweke chini kwanza. Ulichofanya hakijabadilisha kitu, kwa sababu wosia ukishasainiwa na mashahidi wakashasaini, chochote utakachokata au kuchomeka baadaye lazima nacho kisainiwe na kushuhudiwa vilevile kama wosia wenyewe. Sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 inasema hivyo na nchi nyingi zimechukua humohumo. Saini yako peke yako pembeni haitoshi, kwa hiyo kama jina la kaka bado linasomeka chini ya huo mstari basi msimamizi ni yeye mpaka kesho. Nilishakaa kwenye kikao cha ukoo mmoja karatasi ikazungushwa mkono kwa mkono, kila mtu anaiinua kwenye mwanga wa dirisha asome jina lililokatwa, na ndugu wawili wakaondoka pale hawasemeshani. Na usije ukashawishika kuchapa upya ukurasa mmoja ukauchomeka katikati, hiyo ni mbaya zaidi, itaonekana kama umeghushi.

Wosia mpya si lazima, hapo uko sahihi. Kuna karatasi ya nyongeza, mawakili wanaiita kodisili. Unaandika jina lako, unataja wosia wako wa tarehe fulani, halafu unasema kifungu namba fulani kinachomtaja kaka kuwa msimamizi nakifuta, badala yake namteua binti yangu, na cherehani yangu (itaje ilivyo, aina na rangi, maana kama unazo mbili watagombana) nampa mtoto wa dada yangu jina lake kamili, na mengine yote kwenye wosia yabaki kama yalivyo. Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau. Unatia tarehe, unasaini mbele ya mashahidi wawili ambao wote wapo hapo kwa wakati mmoja, si huyu asubuhi yule jioni, nao wanasaini mbele yako. Si lazima wawe walewale wa mwanzo. Ila asiwe mtoto wa dada wala mume wake, wala yeyote anayepata kitu humo, kwa sababu shahidi anayerithi mara nyingi zawadi yake inapotea. Binti yako naye mwache nje.

Ukimaliza iweke pamoja na wosia lakini usiibane na pini wala stepla, vile vitundu vitawafanya watu waulize kuna karatasi gani imenyofolewa hapa. Na hiyo mikato ya kalamu mwoneshe wakili, usijaribu kuifuta.

Sasa hili la kaka asijue, hapa mama sikufichi. Nyongeza haifichi kitu, inasomwa pamoja na wosia, kwa hiyo siku hiyo kaka atasikia kifungu kinachomteua halafu dakika mbili baadaye kifungu kinachomtoa, mbele ya watu wote, na wewe hupo kumweleza. Kama kweli unataka jina lake lisisikike kabisa basi hapo wosia mpya ndo dawa, unaanza kwa kusema nafuta wosia zote na nyongeza zote nilizowahi kuandika, ukishasainiwa vizuri ule wa zamani unauchana. Kwa cherehani peke yake nisingekusumbua na wosia mpya, kwa kaka ningekusumbua.

Au mpigie tu umwambie kaka nimekupunguzia mzigo, kazi hii nampa binti. Mtu mwenye madeni anaweza hata akashukuru.

Shangazi